Mgeni na Mwenyeji: Kitenzi cha Kusemea Virusi vya Homa ya Ini

Maelezo ya Kiswahili juu ya homa ya ini aina ya B husema kwa kawaida kwamba virusi "huzaliana" ndani ya seli. (Jina "homa" nalo lina kasoro yake, maana wengi hukaa na virusi hivyo miaka mingi bila homa yo yote.) Kitenzi hicho hakifai. Kirusi hakizai, nakala zake hutengenezwa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na protini za seli yenyewe.

Protini iitwayo NTCP, ambayo kazi yake ya kila siku ni kuingiza chumvi za nyongo katika seli ya ini, ndiyo mlango wa mgeni huyu. Jambo hilo lilitangazwa mwaka 2012 na kundi la Wenhui Li wa Beijing. DNA ya kirusi hufika ndani ikiwa duara lisilotimia, na vimeng'enya ambavyo seli hutengenezea DNA yake iliyoharibika ndivyo vinavyolitimiza. Kisha polimerasi ya seli hulisoma duara hilo kana kwamba ni mali ya nyumbani. Seli ina pingamizi lake, yaani protini za Smc5/6 zinazolinyamazisha duara; lakini, kama ilivyoonyeshwa mwaka 2016, protini X ya kirusi huishika DDB1, ambayo ni ya seli, ikaitumia kuzivunjisha hizo.

Usambara ina kitabu kinachojua kusimulia mambo ya mgeni na mwenyeji. Katika Habari za Wakilindi, cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, kilichoanza kuchapwa Magila mwaka 1895, Mbega mwindaji wa Nguu hajiundii ufalme peke yake. Yeye huleta nyama. Wenyeji humpa chakula cha shamba na wake, na wanawe hupata utawala katika nchi za wajomba zao. Msomaji huona daima ni nani aliyetenda lipi. Ulinganisho una mpaka, bila shaka: Mbega aliwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, na kirusi hakimlipi mwenyeji kitu.

"Kujirudufu" hupunguza kosa tu, kwani humfanya mgeni kuwa mtenda pekee. "Kunakiliwa" husahau kwamba kirusi huja na polimerasi yake. Umbo lifaalo limo tayari katika "kujiandikisha": ajiandikishaye hashiki kalamu, ila amekwenda mwenyewe kwa karani. Kirusi, basi, hujinakilisha.

Tofauti hii yamhusu mgonjwa wa Lushoto. Tenofovir huzuia polimerasi ya kirusi, wala haiondoi duara lililomo katika seli. Aliyeambiwa kwamba virusi "vinazaliana" hudhani vikiisha kufa dawa imemaliza kazi. Kipimo cha damu kisipoviona tena, huenda akaacha vidonge pasipo kumwuliza mganga. Seli zikaanza kunakili upya, na ini likaweza kuvimba kwa ghafla hata kuua.