Kindu hadi Kabambare: helikopta hupimwa kabla ya kupaa

Kutoka Kindu hadi Kabambare, katika Maniema, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ndege ikinyoosha moja kwa moja, ni kilomita kama 275. Kwa barabara umbali huo huhesabiwa kwa siku, na mvua zikikolea hata siku hazina hesabu. Uchaguzi wa tarehe 28 Novemba 2011 uliangukia msimu huohuo wa mvua, na vifaa vya kura nchini vilisafirishwa kwa helikopta za MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini humo, pamoja na nyingine zilizoazimwa kutoka Afrika Kusini na Angola. Kutua kwenye kiwanja cha mpira ndiko kunakovutia macho. Mimi naona kazi ngumu hufanyika kabla injini haijawashwa.

Tuchukue Mi-8MTV, aina ambayo Umoja wa Mataifa umeitumia sana Kongo. Uzito wake wa juu wa kupaa ni kilo 13,000, na ikiwa tupu hukaribia 7,300. Kwenda na kurudi ni kilomita 550, yaani saa mbili na nusu kwa mwendo wa kilomita 220 kwa saa. Ikila kilo 650 za mafuta kwa saa, ongeza akiba ya nusu saa, unafika kilo 1,950 hivi. Matangi yake ya kawaida huishia hapohapo! Hakuna ziada ya kuizunguka dhoruba. Rubani atafunga tangi la ziada ndani, litakalopunguza shehena, au atawekewa mapipa ya mafuta Kasongo, kilomita 115 tu kutoka Kabambare. Ningechagua Kasongo, ingawa mapipa yanataka ulinzi, na maji yakichanganyika na mafuta injini zote mbili zinaweza kuzimika. Ndiyo maana mafuta huchotwa kidogo kwenye chupa ya kioo na kukaguliwa kwanza.

Karatasi za kura nazo zina hila. Mwaka ule wagombea ubunge walizidi 18,000 kwa viti 500, na katika baadhi ya majimbo karatasi ilikuwa na kurasa nyingi kama gazeti. Mzigo wa namna hiyo hufikia kikomo cha uzito chumba kikiwa bado kinaonekana nusu tupu, na lazima atatokea mtu wa kusema "ongeza kidogo". Masanduku matupu ya plastiki ni kinyume chake.

Kisha kuna hewa. Kwenye mwinuko wa mita 600 na joto la nyuzi 32, hewa ni nyepesi kuliko ile ya kawaida ya usawa wa bahari kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, na mapanga hayapati cha kushika. Karibu na ardhi upepo unaosukumwa chini huibeba helikopta kidogo, lakini ikipanda kiasi cha upana wa duara la mapanga yake, mita 21 kwa Mi-8, msaada huo umekwisha, na miti ya ukingoni huenda bado iko mbele. Basi rubani huinuka mita chache, huelea, na kusoma nguvu iliyobaki. Isipotosha, anatua na kushusha mzigo. Wakati wa kushuka hatari ni nyingine: akishuka wima kwa haraka bila mwendo wa mbele, huzama katika upepo alioutupa mwenyewe, na kuongeza nguvu huzidisha kuanguka. Dawa ni kusonga mbele, na uwanja mdogo haumpi nafasi hiyo.

Kiangazi nyasi za kusini mwa Maniema huchomwa, na moshi hufunika upeo wa macho. Hapa helikopta haizimi moto, inaukwepa. Anayezima kwa ndoo ya kuning'iniza hupiga hesabu ileile: lita moja ya maji ni kilo moja, na akipita chini mno upepo wa mapanga huchochea ndimi za moto. Kilimanjaro, penye kambi ya Horombo, mita 3,720, hewa ni kama asilimia 70 tu ya ile ya baharini, kwa hiyo ndoo haijazwi hadi juu. Moto wa Oktoba 2020 mlimani humo ulipiganwa na mamia ya watu kwa miguu.

Kwenye moshi, njia iliyonyooka si lazima iwe bora. Ningependa rubani aufuate mto Lualaba kuelekea kusini, kisha akate mashariki kutokea Kasongo. Anaongeza kilomita 27 hivi, yaani dakika 7 na kilo 80 za mafuta, na katika sehemu kubwa ya safari ana mto wa kumwongoza.