Baba Mchungaji na Kalamu ya Mwanawe

Miongoni mwetu huku ughaibuni wamo wengi waliokulia katika nyumba za usharika. Wanayajua maisha yale: wageni hawakatiki, mama mchungaji hana siku ya kuugua, na mtoto akivunja kioo cha jirani mtaa mzima unajua kabla ya jioni. Leo wakienda likizo wanamkuta mzee ameshastaafu, nyumba ya usharika ameikabidhi kwa mwingine, na sauti iliyokuwa ikijaza kanisa inauliza dawa za presha zimewekwa wapi. Baadhi yao wana hamu ya kuandika habari za mzee huyo. Kwa ajili yao tumeona tukizungumzie kitabu cha Ingmar Bergman, mwongozaji wa filamu wa Sweden, kiitwacho Laterna magica, kilichotoka mwaka 1987.

Baba yake, Erik Bergman, alizaliwa mwaka 1886 na alikuwa mchungaji wa Kilutheri. Alihudumu hospitali ya Sophiahemmet, na kuanzia mwaka 1934 akawa mchungaji wa usharika wa Hedvig Eleonora mjini Stockholm. Alihubiri hata mbele ya familia ya kifalme. Mwaka 1913 alimwoa Karin Åkerblom, wakapata watoto watatu: Dag, Ingmar na Margareta. Watu wa nje walimpenda. Ndani ya nyumba, kwa maelezo ya mwanawe, kulikuwa na kiboko, kufungiwa kabatini gizani, na mtoto aliyejikojolea kuvalishwa sketi nyekundu ili aone haya. Ingmar anakubali kwamba Dag ndiye aliyeumia zaidi. Yeye mwenyewe alijifunza kusema uongo mapema, na uongo ukamwokoa.

Kurasa hizo zinauma, na hatuna nia ya kuzitetea adhabu zile kwa kusema ndivyo wazee wote walivyolea. Hoja yetu ni nyingine. Kitabu kilipotoka Erik alikuwa amefariki tangu mwaka 1970 na Karin tangu mwaka 1966. Mwana ndiye mshitaki, ndiye shahidi, na ndiye aliyekalia kiti cha hakimu. Miaka mitano kabla ya hapo alikuwa ametoa filamu ya Fanny och Alexander, iliyopata tuzo 4 za Oscar, na humo mna askofu Vergérus, baba wa kambo asiye na chembe ya huruma, ambaye mwisho wake ni kuungua moto. Filamu ni nzuri sana. Askofu yule, hata hivyo, ni mwepesi kumchukia, na msanii akikurahisishia chuki hajakupa kazi ya kufikiri.

Ndiyo maana sehemu tunayoiona bora kuliko zote katika Laterna magica ni fupi, na haina kiboko. Bergman anatayarisha filamu yake Nattvardsgästerna, jina lenye maana ya washiriki wa Meza ya Bwana, iliyotoka mwaka 1963. Anazunguka na baba yake katika makanisa ya mashambani ya Uppland. Mzee amepita miaka 70 na anatembea kwa fimbo. Jumapili moja wanaingia katika kanisa lenye waumini wachache tu. Mchungaji wa pale anafika amechelewa, anasema anaumwa, na kwamba ibada itafupishwa, Chakula cha Bwana hakitakuwepo. Mzee anaguna. Anainuka, anajikokota na fimbo yake hadi sakristia, na sauti zinasikika huko. Kisha inatangazwa kwamba ibada itakuwa kamili kwa msaada wa mchungaji mwenzake mzee, na Erik anatokea madhabahuni amevaa mavazi ya ibada.

Hakuna aliyemwita. Hana tena usharika, hana mshahara wa kutetea wala mkuu wa kumwogopa. Mwanawe, ambaye imani ilikuwa imemtoka, alipata hapo mwisho wa filamu yake: mchungaji Tomas, aliyekauka moyo, anaanza ibada katika kanisa tupu, na anayemsikiliza ni mwanamke mmoja asiyeamini. Swali ambalo kitabu hakikulijibu ni hili: je, ukaidi uliomwinua mzee yule kitini ni ule ule uliokuwa ukishika kiboko nyumbani? Sisi tunadhani ndio. Bergman anaweka mambo hayo mawili mbali mbali, kama ya watu wawili, na hapo ndipo tunapoona udhaifu wa kitabu.

Halafu kuna mama. Karin alipofariki ilijulikana kwamba kwa miaka mingi alikuwa akiandika shajara kwa siri, kwa herufi ndogo mno. Mjane yule mzee akakaa na kioo cha kukuzia maandishi, akisoma taratibu, na kugundua kwamba mwanamke aliyeishi naye zaidi ya miaka 50 hakumfahamu. Watoto nao hawakumfahamu. Mwanamke aliyeandaa chai ya kila mkutano wa usharika alikuwa na maneno yake, na hakuna aliyemwuliza. Tunawaomba wasomaji wetu waliolelewa na mama mchungaji waisome sehemu hiyo mara mbili.

Bergman mwenyewe hakuridhika na hukumu yake. Mwaka 1991 alitoa Den goda viljan, kuhusu wazazi wake walipokuwa vijana: kijana maskini wa theolojia na binti wa watu wenye uwezo. Filamu yake, iliyoongozwa na Bille August, ilishinda tuzo kuu ya Cannes mwaka 1992. Humo Erik ana kiburi, lakini ana njaa na hofu pia. Kikafuata Söndagsbarn mwaka 1993, ambamo baba mzee na mwana aliyekwisha kuwa mtu mzima wanakaa chumba kimoja, na safari hii anayeonekana mkavu ni mwana. Alipokiandika, Bergman alikuwa amekaribia umri aliokuwa nao baba yake siku ile ya Uppland.

Nyumba ile si ya mbali nasi kama inavyodhaniwa. Kanisa la Sweden alilolitumikia Erik ndilo lililotuma wamisionari Bukoba, na Msweden Bengt Sundkler alikuwa askofu huko kuanzia mwaka 1961 hadi 1964, kabla ya Josiah Kibira. Wapo kati yetu waliobatizwa katika sharika hizo, na baba zao bado wako hai. Laterna magica kimetafsiriwa kwa Kiingereza na Joan Tate. Anayekusudia kuandika habari za baba yake akisome, kisha apige simu nyumbani, na asikubali simu ikatwe kabla hajaongea na mama pia.