Herufi kwa Jicho la Nani? Tahajia ya Majina ya Kubuni katika The Lord of the Rings na Funzo kwa Tafsiri ya Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna J.R.R. Tolkien alivyochagua tahajia ya majina aliyoyabuni ili kumwongoza msomaji wa Kiingereza kuyatamka. Inadai kuwa mfasiri wa Kiswahili anayenakili tahajia hiyo bila kuihoji hurithi kasoro zisizo zake.

1. Utangulizi

Anayebuni neno kwa ajili ya msomaji wa Kiingereza hukabiliwa na tatizo ambalo mwandishi wa Kiswahili hakutani nalo mara nyingi: herufi za lugha ile hazina ahadi ya kudumu. Herufi c husomwa k mbele ya a, na kwa kawaida s mbele ya e na i. E ya mwisho mara nyingi haitamkwi. George Eastman, aliposajili jina Kodak mwaka 1888, aliukwepa mtego huo kwa kuchagua neno fupi lisilotoa nafasi ya kukosewa. Tolkien hakuweza kufanya hivyo, kwa kuwa majina yake yalitokana na lugha alizoziundia sarufi na historia.

2. Sikio na jicho

Palipo na mafanikio, ni katika irabu. Jina Oromë limewekewa nukta mbili juu ya e ili Mwingereza asiimeze irabu hiyo. Alama ni ndogo, nayo inafanya kazi mahali panapohitajika.

Kwa konsonanti hali ni nyingine. Katika rasimu zake Tolkien aliandika Kirith Ungol; kitabuni tunasoma Cirith Ungol. Mwaka 1954, katika barua kwa Naomi Mitchison, alieleza kuwa tahajia ya Kiquenya ilikusudiwa kuifanya lugha hiyo ifanane zaidi na Kilatini machoni pa msomaji. Hivyo c ikawa vazi la lugha za Waelfi, na k ikaachiwa lugha nyingine, ikiwamo ya Waorki, kama katika Grishnákh. Tahajia ikageuka kitambulisho cha kabila. Huo ni ubunifu wa kuvutia, lakini mshika mbili moja humponyoka: wasomaji wengi husoma Celeborn kwa s. Kanuni ya kuwasahihisha imo katika Kiambatisho E, mwishoni mwa juzuu ya tatu iliyotoka mwaka 1955, ilhali juzuu mbili za mwanzo zilitoka mwaka 1954. Mwongozo unaofika baada ya safari hauongozi.

3. Msomaji wa Kiswahili

Msomaji wetu ana mazoea tofauti. Jina Caradhras, ambalo dh yake humtatiza Mwingereza, kwake halina ugumu: sauti ni ileile ya dhahabu. Nukta mbili za Oromë hazihitaji, kwa kuwa kila irabu yake hutamkwa. Kinyume chake, c isiyo na h haina sauti katika othografia yake. Atakisia ch, na Cirith itakuwa Chirith. Aidha, ataweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na kusema o-RO-me, ingawa Tolkien alikusudia mkazo uwe kwenye silabi ya kwanza. Kosa hilo tahajia pekee haiwezi kulizuia.

Wapo wanaoshikilia kuwa jina la mtunzi lisiguswe. Hoja hiyo ina nguvu kwa majina ya watu halisi. Kwa jina la kubuni, hata hivyo, kilichobuniwa kwanza ni sauti. Herufi ni mapatano na msomaji fulani. Msomaji akibadilika, mapatano hayana budi kuangaliwa upya.

4. Hitimisho

Ninapendekeza mfasiri aandike k badala ya c, aache nukta mbili, abakize dh na kh, na aweke maelezo ya mkazo mwanzoni mwa kitabu. Tutapoteza sehemu ya tofauti baina ya Waelfi na Waorki, ingawa kh itaihifadhi kwa kiasi. Hasara hiyo inavumilika kuliko kumfundisha mtoto kuwa, ili asome Kiswahili, lazima kwanza ajue mazoea ya Kiingereza. Vyombo vinavyosimamia lugha na tafsiri Afrika Mashariki vina miongozo ya istilahi. Majina ya kubuni nayo yanastahili mwongozo wake, unaoanza na swali moja: herufi hizi zimechaguliwa kwa jicho la nani?