Rangi Huja Mwisho

Mashua ilipandishwa pwani ya Nungwi siku ya bamvua, maji yalipokuwa yamejaa pomoni, ikategewa magadi ya mikoko kila ubavu isije ikalala. Bahari ilipokupwa ikaachwa juu mchangani, mahali ambapo maji hayangeifikia tena mpaka bamvua ijayo. Kwa hesabu ya mwezi hizo ni kama wiki mbili, na fundi hana siku nyingine za kuongeza. Asipomaliza, bahari itakuja kuichukua kazi yake mbichi.

Ni mashua ya mbao, kongwe, iliyoanza maisha kwa tanga kisha ikatiwa mashine. Rangi ya ubavuni ilikuwa imebabuka, na chini ya mstari wa maji kulijaa magamba makali ya kuchana mikono. Mwenye haraka angekwangua juujuu, akafungua kopo la rangi, na baada ya siku mbili chombo kikang'aa. Fundi niliyekwenda kumtazama hakugusa brashi kwa siku tisa.

Alianza na mkwaruzo, kisha moto. Makuti makavu yalifungwa mienge, watu wawili wakawa wanaupitisha mwali chini ya tumbo la chombo, polepole, kutoka omo hadi tezi. Rangi kuukuu hulainika ikabanduka, unyevu hutoka, na wadudu walio karibu na uso wa ubao hufa. Adui mkubwa ni yule anayeitwa mnyoo wa baharini, ambaye kwa kweli ni jamaa ya chaza. Huingia akiwa mdogo, kwa tundu la kichwa cha pini, halafu hukua ndani kwa ndani akiutafuna ubao kwa vigamba viwili vilivyo kichwani mwake. Kwa nje ubao unaonekana mzima, kumbe ndani ni kama sega la nyuki. Ndiyo maana fundi hayaamini macho. Alipita na nyundo ndogo akigonga kila shubiri, sikio limeinama. Mahali pamoja sauti ilikufa. Alipachoma kwa ncha ya msumari, ukazama. Ubao ule ukatolewa, ukatiwa mwingine wa mvule, na kila msumari ulivishwa nyuzi za pamba zilizochovywa mafuta chini ya kichwa chake ili maji yasipate pa kupenya.

Kisha ikaja kalafati, na hapa nilikaa siku nzima bila kuchoka. Pamba husokotwa kwa kiganja juu ya paja mpaka iwe kamba laini, unene sawa kila mahali, kisha hulowekwa mafuta. Mkono wa kushoto unashika chembeu, patasi butu isiyokata ubao, wa kulia nyundo ya mbao. Pamba inashindiliwa kwenye maungio ya mbao kidogo kidogo, na kila pigo lina sauti yake. Mwanzo ni sauti nzito, ya kitu kinachokubali. Pamba ikishiba, pigo linaanza kulia juu, kavu. Hapo fundi huacha. Kijana wake aliendelea mapigo matatu zaidi na mzee akamsikia akiwa upande wa pili wa chombo, bila kumwona.

"Basi, mwanangu. Mbao haijanywa maji bado. Ikinywa itavimba, sasa itavimbia wapi?"

Yule kijana akaichomoa pamba yote ya kipande kile, urefu wa mkono mmoja, akaanza upya. Hakuna aliyemkaripia. Nikaelewa kwamba kuziba kupita kiasi ni hatari kama kuacha wazi: mbao zikivimba zikakosa nafasi husukumana, na misumari ndiyo inayolipa.

Zamani, baada ya hapo, chini pangepakwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu, na juu mbao zingenyweshwa sifa, mafuta ya papa ambayo harufu yake huwahi kufika kabla ya chombo. Majahazi mengine yanapakwa hivyo hadi leo. Mashua hii hupakwa rangi nyekundu yenye shaba, maana viumbe wa baharini hawapendi kushika mahali penye shaba. Kulikuwa na rangi kali kuliko hiyo, zenye bati la sumu. Zilisafisha meli vizuri sana, lakini zikaharibu konokono na chaza waliokuwa hawana kosa, na mkataba wa kimataifa wa 2001, ulioanza kutumika 2008, ukazipiga marufuku. Nafurahi kwamba zimeondoka. Afadhali kukwangua mara nyingi zaidi.

Mstari wa maji ulipimwa kwa mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji, uleule wanaotumia waashi. Mmoja omo, mmoja tezini, na maji yenyewe yakawaonyesha yalipo sawa. Uzi uliopakwa chokaa ukavutwa, ukaachiwa, chokaa ikabaki ubavuni. Mkono uliochora rangi juu ya alama ile haukutetereka.

Jambo la mwisho lilikuwa dogo. Karibu na pangaboi la shaba hufungwa kipande cha zinki ambacho hulika polepole na maji ya chumvi ili pangaboi lisilike. Kijana, kwa bidii yake, alikuwa amekipaka rangi nyekundu pamoja na vingine vyote. Mzee akapiga magoti mchangani, akakikwangua kwa kisu mpaka zinki ikawa nyeupe tena. Ikivaa rangi hailiki, na isipolika yenyewe litalika pangaboi.

Bamvua ilifika usiku. Magadi yakatolewa moja moja, mashua ikanyanyuka, ikaelea. Fundi alishuka ndani na tochi, akainua ubao wa sakafu, akaweka kiganja kwenye ngama. Maji yalikuwa yakichuruzika mahali panne. Hakushtuka. Akaweka alama ya chokaa palipofikia maji, akajilaza juu ya sitaha. Alfajiri akashuka tena. Maji yalikuwa yamepanda vidole viwili tu juu ya alama, na mbao zilikuwa zimekwisha kunywa. Akachukua kopo, akaanza kufua maji.