Staringi Hafi, Muuza Mkate Hufa

Waliokulia kwenye vibanda vya video wanajua sheria moja ambayo haijaandikwa popote: staringi hafi. Anaweza kupigwa risasi ya bega, aanguke kutoka ghorofa ya tano, atupwe mtoni mikono ikiwa imefungwa, lakini subiri tu, utamwona tena. Hata DJ Afro akiingia na sauti yake juu ya picha na kuwabandika wahusika majina ya mtaani, sheria hiyo haguswi. Wanaokufa ni wengine. Ni yule mwenye kibanda cha matunda kinachogongwa na gari, yule mama aliyefungua dirisha kuangalia kelele ni za nini. Hatujui wanaitwa nani na hatuulizi, kwa sababu muvi yenyewe haijauliza.

Kwa muvi za ngumi, hiyo si neno. Muvi za vita ni habari nyingine. Hao wanaopita nyuma ya staringi walikuwapo kweli, na kwa upande wetu huu wa dunia mara nyingi ni majirani. Wakati mwingine ni sisi wenyewe.

Anza na Black Hawk Down ya Ridley Scott, iliyotoka mwaka 2001. Sina haja ya kukuelezea hadithi, karibu kila mtu ameiona, na wengi wameiona zaidi ya mara moja. Wanajeshi wa Marekani wanaingia Mogadishu tarehe 3 Oktoba 1993 kuwakamata watu wa Jenerali Aidid, helikopta mbili zinaangushwa, na kilichopangwa kumalizika haraka kinageuka kuwa usiku mzima wa mauti. Kama kazi ya mikono, filamu hii ni moto. Ilishinda Oscar ya uhariri na ya sauti, na ukiiangalia ukiwa umevaa hedifoni unaelewa kwa nini. Kila ganda la risasi linaloanguka kwenye bati lina sauti yake.

Lakini sikiliza vizuri. Kila ganda lina sauti yake, Wasomali hawana. Wana kelele. Wanakuja kama mafuriko, kutoka kila kichochoro, na kazi yao kubwa ni kuanguka. Mji wenyewe si Mogadishu. Filamu ilipigwa Morocco, na watu walioigiza Wasomali hawakuwa Wasomali. Mwishoni maandishi yanatokea kwenye skrini: Wasomali zaidi ya 1,000 walikufa, na wanajeshi 19 wa Marekani. Kisha yanafuata majina. Majina 19.

Hilo la majina limesemwa sana. Kinachoniuma zaidi kiko mwanzoni, kwenye yale maandishi ya kutuingiza kwenye hadithi. Tunaambiwa kuhusu mwezi wa Juni, wanajeshi wa Pakistan waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa waliposhambuliwa na kuuawa. Halafu tunarushwa hadi mwisho wa Agosti, vikosi maalum vya Marekani vinapotumwa. Juni imo, Agosti imo. Julai imeenda wapi?

Tarehe 12 Julai 1993, helikopta za Marekani zilipiga kwa makombora nyumba moja Mogadishu ambamo wazee wa ukoo wa Habr Gidr walikuwa wamekutana. Shirika la Msalaba Mwekundu lilitaja watu 54 waliouawa. Umoja wa Mataifa ulitaja wachache zaidi. Wanahabari walipofika kupiga picha, umati uliojaa uchungu na hasira uliwageukia, na wanne wakauawa: Dan Eldon, Hansi Krauss, Hos Maina na Anthony Macharia. Maina alikuwa mpiga picha wa Reuters na Macharia alikuwa wa sauti, shirika hilo hilo. Wote wawili Wakenya.

Ukiitoa Julai, umati wa Oktoba unakuwa watu waliozaliwa na hasira. Ukiirudisha, ni watu waliozika miezi mitatu iliyopita. Tofauti hiyo ingehitaji sentensi moja tu kwenye skrini. Na angalia vile sinema inavyogawa kumbukumbu hata kati ya wanne waliokufa pamoja. Dan Eldon, kijana wa miaka 22 aliyekulia Nairobi, alitengenezewa filamu, The Journey Is the Destination, ya mwaka 2016. Alistahili, daftari zake za picha ni za ajabu. Ila hata kifo cha pamoja, kwenye mji mmoja na siku moja, kilipofika kwenye sinema kilimtafuta staringi, na kikampata pale unapodhani kingempata.

Mwaka 2025 kampuni ya huyo huyo Scott ilileta Surviving Black Hawk Down, filamu ya hali halisi ya sehemu tatu kwenye Netflix. Hapo wakazi wa Mogadishu na wapiganaji wanasimulia wenyewe, kwa Kisomali, katikati ya simulizi za wanajeshi wa Marekani. Ni hatua, siwezi kuikataa. Mwanamke akieleza vile helikopta inavyosikika ukiwa ndani ya nyumba, chini yake, unagundua kwamba ile filamu yenye Oscar ya sauti haikuwahi kukupa sauti hiyo. Lakini ilichukua zaidi ya miaka 20.

Sasa tuje nyumbani. Eye in the Sky, ya Gavin Hood, ilitoka mwaka 2015 na vita vyake viko Isli. Ndiyo, Isli hii ya namba 6 na namba 9. Magaidi wa Al-Shabaab, miongoni mwao Waingereza na Mmarekani, wako ndani ya nyumba wakijiandaa kujilipua. Kanali wa Uingereza, ambaye ni Helen Mirren, anawaangalia kwa droni akiwa Uingereza. Rubani wa droni, Aaron Paul, amekaa kwenye chumba huko Nevada. Jenerali, Alan Rickman, yuko London na mawaziri. Chini, kando ya ukuta wa nyumba hiyo, msichana mdogo anayeitwa Alia ameweka meza na anauza mkate uliookwa na mama yake. Kombora likipigwa sasa, mkate na muuzaji wataenda pamoja.

Niseme wazi, hii ni filamu nzuri. Inakukaba koo. Barkhad Abdi, kama jasusi wa Kenya anayejaribu kununua mkate wote ili mtoto aende nyumbani, anafanya kazi kubwa kuliko majenerali wote. Na hapo pa namba ni pa kuogofya kweli. Kanali anamsukuma sajini wake arudie hesabu ya uwezekano wa mtoto kufa, abadilishe pale kombora litakapotua, mpaka apate asilimia iliyo chini ya 50 ili wakubwa waruhusu. Maisha ya mtoto yanapatanwa kama bei ya kitambaa Garissa Lodge.

Lakini mkazi wa Isli akiiangalia anakwama mapema sana, kabla hata ya kombora. Isli ya filamu, iliyopigwa Afrika Kusini, ni mtaa unaotawaliwa na wanamgambo. Wanatembea na bunduki mchana kweupe, wana vizuizi barabarani, wana gari lenye bombomu nyuma. Kwani waandishi hawakuuliza mtu? Aprili 2014, mwaka mmoja kabla ya filamu kuonyeshwa, watu wenye bunduki walijaa Isli kweli, na walikuwa polisi wa Kenya. Operesheni iliitwa Usalama Watch. Maelfu ya watu walikamatwa, wengi wao Wasomali, wengine wakashikiliwa uwanja wa Kasarani wakisubiri mtu aamue kama vitambulisho vyao ni vya kweli. Aliyegongewa mlango usiku huo anajua bunduki Isli ilikuwa mikononi mwa nani. Filamu inayojisifu kwa kuuliza maswali magumu kuhusu serikali na raia imepita kando ya swali hilo bila kuliona.

Halafu kuna suala la simu. Uamuzi wa kupiga unazunguka dunia nzima. Waziri wa Uingereza anatafutwa Singapore, tumbo linamsumbua. Waziri wa Marekani anatafutwa Beijing, anacheza tenisi ya mezani. Kikosi cha Kenya kimewekwa tayari kando, kinasubiri kuambiwa. Hakuna anayempigia waziri wa Kenya kumuuliza kama ni sawa kombora litue Nairobi. Sijui kama hiyo ni kejeli iliyokusudiwa au ni usahaulifu, lakini kwa vyovyote ndiyo sehemu ya filamu iliyo karibu zaidi na ukweli.

Na Alia? Tunampenda, ni lazima, filamu imefanya kazi ya kuhakikisha hivyo. Baba yake amemtengenezea ringi ya kuzungusha kiunoni na anamfundisha kwa siri. Shida ni kwamba hajui lolote. Hajui yuko vitani. Yeye ni mtihani uliowekwa mezani mwa watu wazima wa London, wao wafaulu au waanguke, wao walie. Baada ya yote, jenerali anamwambia mama mmoja kwenye kile chumba kwamba asithubutu kumwambia mwanajeshi kuwa hajui gharama ya vita. Mstari mzuri, na Rickman, ambaye hatukumwona tena kwenye skrini baada ya filamu hii, anausema kama mtu anayefunga mlango polepole. Kisha anapokea mwanasesere aliomnunulia mtoto wa kwao na anaenda zake. Sisi tunabaki tukimhurumia jenerali. Mtoto amekufa, na huzuni bado ni mali ya mwenye cheo.

Kumhurumia raia si kumpa nafasi. Filamu inaweza kumlilia Alia dakika 100 na bado ikamwangalia kutoka juu, pale pale ilipo droni. Mimi najiuliza kitu kingine: je, huyu raia anajua jambo ambalo mwanajeshi halijui? Je, kuna anachoamua?

Kwa kipimo hicho, filamu fupi ya dakika kama 20 inaishinda ya Mirren na Rickman. Watu Wote, ya mwaka 2017, iliongozwa na Katja Benrath, Mjerumani, ikiwa kazi yake ya mwisho ya masomo ya filamu Hamburg. Inatoka kwenye tukio la Desemba 2015, Al-Shabaab waliposimamisha basi la kwenda Mandera na kutaka Wakristo watengwe, na Waislamu wakakataa kuwatoa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo na akafariki Januari iliyofuata. Ina mapungufu yake. Mhusika mkuu, Jua, amepewa historia ya msiba inayomfanya awaogope Waislamu, na mabadiliko yake unayaona yakija kutoka mbali kama matatu yenye taa za buluu. Lakini ndani ya lile basi kila mtu ana sekunde chache za kuamua, na wanazungumza Kiswahili na Kisomali kama watu wanaosafiri pamoja. Hijabu inapitishwa kutoka mkono hadi mkono. Hakuna anayesubiri simu kutoka Beijing.

For Sama, ya mwaka 2019, inaenda mbali zaidi, kwa sababu kamera yenyewe iko mikononi mwa raia. Waad al-Kateab alirekodi Aleppo ikizingirwa, akiwa hospitalini ambako mumewe alikuwa daktari, huku akimlea binti yake mchanga. Wanajeshi karibu hawaonekani. Ndege inasikika tu, watu wanainua vichwa, wanahesabu, wanaendelea kukata kitunguu.

Hapa ndipo nauliza kuhusu sisi. Kwenye filamu zote hizi mwenye bunduki ni mgeni: Mmarekani, Mwingereza, gaidi. Mwanajeshi wa Kenya yuko wapi? Amepewa kusimama kando.

Aliyemleta mbele ni Judy Kibinge. Scarred: The Anatomy of a Massacre, ya mwaka 2015, inahusu Wagalla. Februari 1984, vikosi vya usalama vya Kenya viliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia na kuwapeleka kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir. Walivuliwa nguo, wakalazwa juani siku kadhaa bila chakula wala maji, wakapigwa, wengi wakauawa. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikadiria karibu 1,000. Wapo manusura wanaotaja idadi kubwa zaidi ya hiyo. Kibinge anafanya jambo ambalo Scott hakulifanya na Hood hakulifikiria: anawaacha waliolala juani waseme wanachojua, na wanachojua hakimo kwenye hesabu ya serikali. Hakuna droni, hakuna mbio za saa. Kama umezoea vita vya muziki mkubwa utaiona inaenda polepole. Inaenda kwa mwendo wa mzee anayekumbuka jambo ambalo kwa miaka mingi halikusemwa kwa sauti.

Filamu hii haikuletwa mtaani kwenye fleshi pamoja na Black Hawk Down. Ingepaswa kuletwa.

Tangu Oktoba 2011 jeshi letu limekuwa Somalia. Januari 2016 kambi ya El Adde ilivamiwa, na serikali haikutuambia rasmi ni wanajeshi wangapi walikufa, kwa hiyo safari hii hata mwenye bunduki hana jina. Siku moja kuna mtu ataitengeneza hiyo muvi, kwa Kiswahili, na itajaza kumbi. Nitalipa tiketi. Nitawaangalia vijana wa Eldoret na Machakos wakiwa kambini, lakini jicho langu moja litakuwa kwenye nyumba zilizo nje ya uzio, nikingoja kuona kama yule mama Msomali anayeamshwa na mlipuko alfajiri ataitwa jina lake.