Kilomita 73 na mkono wa rubani

Kutoka uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, hadi uwanja wa Abeid Amani Karume, Unguja, ni kilomita 73 kwa mstari ulionyooka. Viwanja hivi viwili vimekaa karibu kabisa kwenye longitudo moja, kimoja kusini ya mwenzake. Mabaharia waliipima maili yao kwa latitudo: nyuzi moja hugawanywa mara 60, na kila sehemu ni maili moja ya baharini. Toa latitudo ya Unguja katika ya Dar, unapata maili 39 na ushei, ndizo hizo kilomita 73. Hesabu ya kufanyika kwa penseli.

Muda ndio wenye kazi. Cessna Caravan, ndege ya injini moja inayobeba abiria kumi na wachache, hukata kama kilomita 300 kwa saa. Kwa karatasi, safari haifiki dakika 15. Ratiba inasema 20, na mimi nilitaka kujua hizo zilizozidi huenda wapi.

Julai moja, baada ya kupimwa kwenye mizani pamoja na mkoba wangu, nilipangiwa kiti cha mbele, kando ya rubani. Nikamuuliza, "Kapteni, leo dakika ngapi?" Aliutazama kwanza mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo. "Leo kusi," akasema. "Tutafika mapema, ila tutachelewa kutua."

Tulipoiacha nchi kavu upande wa Kunduchi, niliona pua ya ndege imeelekea kulia, kana kwamba tunakwenda bahari kuu. Lakini maji yaliyokuwa chini yetu yalirudi nyuma sawasawa kuelekea Dar. Kusi, upepo utokao kusini-mashariki, lilikuwa likitusukuma kushoto, naye rubani aliupa upepo pua ili apate njia. Mvuvi anayevuka mkondo hufanya vivyo hivyo na ngalawa yake, na si ajabu: neno rubani lilikuwa la baharini kabla ya kupanda angani. Mkono wa rubani wetu ulilala juu ya usukani, vidole vikisogea kidogo tu, kama vya mshonaji anayeongoza kitambaa chini ya sindano.

Upepo wa kilomita 40 kwa saa ukikupiga mgongoni, njia ile huisha kwa dakika 13. Ukikukabili, ni karibu 17. Ila ndege hutua ikiukabili upepo, na njia ya kurukia ndege ya Unguja imelala kaskazini na kusini. Wakati wa kaskazi, upepo utokao kaskazini, rubani anayetoka Dar huchelewa njiani, kisha hushuka moja kwa moja. Wakati wa kusi huwahi, halafu hulazimika kuupita uwanja, azunguke upande wa mjini na kurudi akielekea kusini. Alichopewa na upepo baharini, hukilipa hapo. Nilistaajabu kwamba yote hayo alikuwa ameshayapima tangu chini, kwa kutazama kitambaa kimoja.

Magurudumu yaligusa lami bila kishindo. Saa yangu ilionyesha dakika 19.

Nawe ukisafiri Julai, ukikiona kisiwa cha Chumbe kushoto, usifungue mkanda. Tazama mkono wa rubani. Kazi yenyewe ndiyo kwanza inaanza.