Mpira Unaokimbilia Kulia

Sahibu yangu mmoja, mtumishi wa serikali aliyeanza kucheza gofu alipokwisha kupita umri wa miaka arubaini, aliteremka Mombasa mwezi wa Julai akiwa na fimbo zake na maradhi yake, na katika uwanja ule wa mashimo tisa ulio kando ya bahari maradhi hayo yakadhihirika kuliko yalivyopata kudhihirika Nairobi: kila mpira alioupiga kwa fimbo ndefu ulianza safari kwa heshima, ukafika katikati ya njia, kisha ukapinda kulia na kupotelea vichakani. Yeye aliulaumu upepo wa kusi. Kedi aliyembebea mkoba, ambaye alikuwa amekwisha kutafuta mipira mitatu bila ya kuiona, akamwambia kwa adabu, "Bwana, upepo leo umelala. Huo ni mkono wako."

Kedi alisema kweli, ingawa hewa nayo ilikuwa na sehemu yake katika shauri hilo. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa kadiri ya mita 1,700, na huko hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 15. Na kwa kuwa mpira unaozunguka haupindi ila kwa kuegemea hewa, jambo ambalo Peter Guthrie Tait, mwanachuoni wa Edinburgh, alilichungua kwa hesabu mwanzoni mwa miaka ya 1890, mpigo ule ule uendao kombo kidogo Nairobi huenda kombo zaidi Mombasa. Miaka yote hiyo bara ilikuwa ikimsitiri.

Mintarafu ya mpindo wenyewe, mambo mawili hukutana pale fimbo inapougusa mpira: upande unaotazamwa na uso wa fimbo, na njia inayopitwa na kichwa chake. Walimu wengi wa zamani walifundisha kwamba mpira huanza kwa kuifuata njia, kisha hugeuka kuufuata uso. Vyombo vya rada vilipoenea viwanjani katika miaka ya 2000 vikathibitisha kinyume chake, kwamba kwa fimbo ndefu zaidi ya robo tatu ya mwelekeo wa awali hutokana na uso, na mpindo huzaliwa na tofauti iliyopo baina ya uso na njia. Sahibu yangu, anayecheza kwa mkono wa kulia, alikuwa akiileta fimbo kutoka nje ya mpira na kuikata kuja ndani, ikielekea kushoto mwa bendera, ilhali uso wenyewe uliitazama bendera karibu sawasawa. Kwa hiyo mpira ulianza kama ulioelekezwa na mtu mwenye shabaha, kisha, kwa sababu uso ulikuwa wazi kwa kulinganishwa na njia, mhimili wa mzunguko wake ukainamia kulia, na mpira ukauandama. Sekunde moja ukiigawa mafungu elfu mbili, fungu moja tu ndilo muda wa kugusana kwa fimbo na mpira, wala hapana mkono wa binadamu uwezao kutengeneza lolote katika muda huo. Dawa yoyote sharti itiwe kabla.

Fimbo fupi zilikuwa zikimdanganya. Uso wake uliolala sana huutia mpira mzunguko mwingi wa kurudi nyuma, na mwinamo wa mhimili hupungua, hata mtu akaapa kwamba hana ila yoyote, kwamba kosa ni la fimbo ndefu, akaenda dukani kununua nyingine. Sahibu yangu alikuwa amekwisha kununua mbili.

Lakini lililomzidishia maradhi ni tiba. Kwanza, alipoona mpira unakwenda kulia, alisimama mabega yakiwa yameelekea kushoto ili kuufidia mpindo. Mabega yakaivuta fimbo kushoto zaidi, tofauti baina ya njia na uso ikakua, na mpira ukapinda kuliko jana. Pili, alisoma kitabu cha bingwa wa gofu Ben Hogan cha mwaka 1957, tena akakifuata kwa uaminifu wa mwanafunzi wa chuo. Kitabu ni cha ustadi mkubwa, nami nakiheshimu. Ila Hogan katika ujana wake alisumbuliwa na ila iliyo kinyume, mpira unaokimbilia kushoto, na miongoni mwa dawa alizojitengenezea ni kukisogeza kidole gumba cha mkono wa kushoto juu ya mpini, kusudi uso wa fimbo usijifunge upesi. Kumpa mshiko huo mtu ambaye uso wake haufungiki kabisa ni kumnywesha haluli mwenye kuhara.

Basi tulianza na mkono huo wa kushoto. Alipoutazama kutoka juu aliona kifundo kimoja tu cha vidole, na glavu yake ilikuwa imelika penye kitanga, alama ya mpini unaoteleza. Tukaugeuza mkono kuelekea kulia hata vifundo vitatu vikaonekana, na mpini ukalazwa penye mashina ya vidole. Asubuhi hiyo mipira ilikwenda kushoto, mingine kushoto kabisa, naye akataka kurejea mshiko wake wa zamani. Na hapa ndipo wengi wanapoiacha dawa siku moja kabla ya kupona. Mpira uliokwenda kushoto ulikuwa habari njema, maana uso sasa ulikuwa umefungwa, na njia mbovu, iliyokuwa ikijificha nyuma ya uso, ilibaki uchi.

Kwa ajili ya njia nilivua kubadhi langu la kulia, nikaliweka nje ya mpira, mbali nao kwa upana wa kitanga na nyuma yake kidogo, ili fimbo itokayo nje isiwe na budi kulipiga. Akalipiga mara nne mfululizo. Bega lake la kulia ndilo lililokuwa la kwanza kuanza safari ya kushuka. Tukamtaka apige mipigo ya nusu tu, kwa fimbo fupi, mikono ishuke kwanza na kifua kibaki kimeelekea kulia kwa kitambo. Mpira wa fimbo ndefu, aliokuwa akiuweka mbele ya mguu wa kushoto, tuliurudisha ukabili kisigino. Kisha kedi akapaka vumbi la chaki usoni mwa fimbo: alama, ambayo zamani ilikaa karibu na shina, mahali ambapo mgongano huipindua fimbo na kuuzidisha mpindo wa kulia, ikaanza kusogea katikati.

Hayo yalichukua wiki sita. Mpira wake bado huenda kulia hatua kumi hivi, nasi tumeuacha, kwani Hogan mwenyewe alishinda mashindano makubwa kwa mpira uliopinda kulia kidogo. Kubadhi langu limekatika ukanda.